MASWALI MATANO YA KUCHAGUA GIABOKSI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika bweni letu, taa zikisha zimwa, mazungumzo hayakosi kufika kwenye motokaa. Mmoja atasema ameona katika simu ya kaka yake motokaa yenye nguvu za farasi elfu moja. Wa pili atasema hiyo si kitu, yeye ameona ya elfu mbili. Na wa tatu, ambaye hajaona chochote, atataja elfu tatu ili naye asikike. Mimi pia nalikuwa katika hesabu hiyo ya usiku, wala sikuwa wa mwisho kutia chumvi. Lakini tangu likizo ya Desemba iliyopita nimekuwa nikiuliza swali moja ambalo huwanyamazisha wenzangu: "Nguvu hizo zote hupita wapi kabla ya kufika kwenye tairi?"

Jibu ni kwamba hupita katika giaboksi. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi giaboksi ya otomatiki inavyochaguliwa kwa motokaa yenye nguvu nyingi, ambayo leo iko barabarani na kesho iko mashindanoni. Naliishuhudia kazi hiyo tangu mwanzo hata mwisho, na katika kazi hiyo mimi mwenyewe nalifanya kosa ambalo karibu limtie hasara mtu asiyenikosea.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni fundi wa giaboksi huko Maskati, mji mkuu wa Omani. Aliondoka nyumbani nikiwa mtoto mdogo. Nilipomaliza Kidato cha Tatu alimpigia mama simu akasema kwamba ataninunulia tiketi ya ndege nikakae naye wiki nne. "Lakini asije kutembea tu," alisema. "Aje na nguo za kazi." Karakana yake iko Ghala, mtaa wa viwanda na magereji. Nalitazamia kusikia Kiarabu kitupu, kumbe wazee wengi wa huko walizaliwa Unguja na Pemba, na Kiswahili chao ni kizuri kuliko changu.

Huko Ghuba vijana wengi hupenda mbio za dragi. Mbio hizo asili yake ni Marekani. Motokaa mbili husimama sambamba, taa huwaka, nazo hukimbia robo maili iliyonyooka, yaani mita 402. Atakayefika kwanza ndiye mshindi. Mwaka 1951 Bwana Wally Parks alianzisha huko Marekani chama kiitwacho NHRA ili kuziwekea mbio hizo kanuni na kuwatoa vijana katika mashindano ya barabarani yaliyokuwa yakiua watu. Leo hata Abu Dhabi, katika uwanja wa Yas Marina, iko njia maalumu ya mbio hizo, na msimu wake ni miezi ya baridi, kwa kuwa joto la kiangazi cha huko haliwafai watu wala injini.

Yafaa nieleze kwanza kazi ya giaboksi ya otomatiki kwa wale ambao hawajaiona imefunguliwa. Katikati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kama boga kubwa, kiitwacho konvata, kilichojaa mafuta. Ndani yake mna pangaboi mbili zinazotazamana. Ya kwanza huzungushwa na injini na kurusha mafuta. Ya pili hupigwa na mafuta hayo, ikazunguka na kuipeleka nguvu ndani ya giaboksi. Kati yao kuna gurudumu la tatu, ambalo huyageuza mafuta yanaporudi ili yasipingane na injini, na kwa sababu hiyo nguvu ya kuzungusha huongezeka wakati wa kuondoka hata kufika karibu mara mbili. Nyuma ya konvata kuna gia ndogo zizungukazo gia ya katikati kama sayari zizungukavyo jua, na vibao vya klachi vinavyobanwa kwa nguvu ya mafuta ili kuchagua gia. Hapana mguu wa dereva unaokanyaga klachi. Kazi yote ni ya mafuta. Mafuta yakipata joto mno, huharibika na vibao huanza kuteleza. Vibao vikiteleza, joto huzidi. Na joto likizidi, giaboksi hufa.

Siku ya tatu baada ya kufika kwangu, gari la kukokota lilileta motokaa nyeupe ya milango minne. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, afanyaye kazi katika bandari ya Sohar. Jina lake sitalitaja, maana sikumwomba ruhusa. Bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo alitusalimu kwa Kiswahili: "Asalaam alaykum, fundi. Shikamoo."

"Wa alaykum salaam. Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

Kijana alikuwa ameifunga injini yake ya silinda nane, ya lita 5.7, tabo kubwa, yaani pangaboi inayosukumwa na moshi wa injini ili kuisindilia injini hewa. Giaboksi iliyokuja na motokaa ilitengenezwa kwa nguvu ya injini ya kawaida, na waliyoitengeneza hawana lawama. Yeye ndiye aliyeizidishia mzigo zaidi ya mara mbili. Mjomba alifungua sampu. Mafuta ambayo yapasa kuwa mekundu yalitoka meusi, yakinuka kama maandazi yaliyoungua, na chini ya sampu mlikuwa na unga mweusi. Huo unga ndio uliokuwa vibao vya klachi.

"Nataka Powerglide," alisema kijana. "Gia mbili tu. Bwana aliyenishinda Abu Dhabi anayo hiyo."

Mjomba hakusema ndiyo wala la. Alinawa mikono, akaagiza kahawa, akaniambia nilete daftari niandike. Kisha akamwuliza maswali matano.

La kwanza: "Motokaa ina uzito gani?" Kijana alijibu kwamba ina kilo 1,700, yeye mwenyewe akiwamo.

La pili: "Ina nguvu ngapi?" Akajibu, "Elfu moja."

La tatu: "Tairi na difu ni kipimo gani?" Akajibu kwamba tairi la nyuma lina kipenyo cha inchi 28, na difu ni ya 3.73, yaani shafti huzunguka mara 3.73 ndipo gurudumu lizunguke mara moja.

La nne: "Katika mwezi mmoja, waenda mashindanoni mara ngapi, na barabarani waenda kilomita ngapi?" Hapo kijana alinyoosha mgongo. "Hii ni motokaa ya mashindano, fundi. Barabarani haionekani ila kwa nadra."

La tano: "Nani hupanda pamoja nawe?"

"Hapana mtu."

Mjomba alikunywa kahawa yake, kisha akaniamuru niende nikasome kikaratasi kilichobandikwa mlangoni siku mafuta ya injini yalipobadilishwa. Kilikuwa cha mwezi wa Julai. Nalilinganisha hesabu yake na ile ya kwenye saa ya motokaa nikaona imekwenda kilomita 8,900 katika wiki 22, yaani kama kilomita 405 kwa wiki. Kutoka Maskati hata Sohar ni kama kilomita 200. Kwenda Jumapili alfajiri na kurudi Alhamisi jioni, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kazi huko, ni kilomita 400. Nalirudi nikaitoa hesabu yangu kwa sauti, nikijiona mwerevu sana, nikaongeza kwamba katika kiti cha nyuma mna mkongojo.

Kijana alikitazama kikombe chake. "Ni wa bibi," alisema. "Kila Ijumaa nampeleka Barka kwa dada yake."

Mjomba akamwomba karatasi ya kipimo cha injini. Ilisema nguvu za farasi 740 kwenye magurudumu.

Nalidhani mjomba atamcheka, lakini hakumcheka. Alimwambia kwa upole, "Mwanangu, ukinidanganya mimi hakuna kitakachovunjika. Giaboksi ndiyo itakayolipa. Haya, sasa tuna motokaa ya kweli mbele yetu, tuichagulie."

Aliniambia nichore mistari mitatu katika daftari, maana giaboksi zilizofaa kupimwa zilikuwa tatu, zote kazi ya kampuni ya General Motors ya Marekani, na kila moja ingeweza kufungwa kwenye injini ile kwa maandalizi kidogo.

Ya kwanza ni hiyo Powerglide. Ilianza kuuzwa katika motokaa za Chevrolet mwaka 1950 na ikaendelea hata 1973. Ina gia mbili tu. Ya kwanza ni 1.76, au 1.82 katika baadhi yake, na ya pili ni moja kwa moja. Ni nyepesi, vipande vyake vya kuzungusha ni vichache, kwa hiyo hula sehemu ndogo ya nguvu ya injini. Tena hubadili gia mara moja tu katika mbio nzima, na motokaa haitikisiki njiani. Ndiyo maana mafundi wa dragi hawajaiacha hata leo, na viwanda hutengeneza vipande vyake vipya vilivyo vigumu kuliko vya zamani. Lakini gia yake ya kwanza ni ndefu. Ukizidisha 1.76 kwa 3.73 unapata 6.6 tu. Motokaa nyepesi yenye nguvu nyingi huifurahia gia hiyo, maana gia yenye nguvu mno huyafanya matairi yazunguke bure mahali pamoja. Motokaa ya kilo 1,700 inayosimama na kuondoka katika msongamano wa magari huipasha konvata moto kila penye taa nyekundu.

Ya pili ni Turbo-Hydramatic 400, ambayo mafundi huiita Turbo 400. Ilitokea katika motokaa za mwaka 1964 za Cadillac na Buick. Ina gia tatu: 2.48, 1.48 na moja kwa moja. Hii ni ngumu kama kisiki cha mpingo. Rolls-Royce waliitumia, na Ferrari ya kwanza kupata giaboksi ya otomatiki, ile 400 Automatic ya mwaka 1976, ilikuwa na hiyohiyo. Uzito wake ni kama kilo 60. Gia ya kwanza ikizidishwa kwa difu huleta 9.25, na motokaa nzito huondoka bila kulia.

Ya tatu huitwa 4L80E, nayo ni mtoto wa Turbo 400. Ilitokea mwaka 1991 katika pikapu na magari ya mizigo. Gia zake tatu za kwanza ni zilezile za mzazi wake, lakini ameongezewa ya nne, ya 0.75, na konvata yake yaweza kujifunga ili isiteleze kabisa motokaa ikiwa katika mwendo wa safari. Aibu zake ni mbili: ina uzito unaopita kilo 100, na haifanyi kazi bila kompyuta ya kuiamuru, ambayo nayo ina bei yake.

"Sasa," mjomba aliniambia, "wewe usomaye Hisabati, tuambie injini itazunguka mara ngapi akienda Sohar kwa kilomita 120 kwa saa."

Naliona fahari, nikaanza. Kilomita 120 kwa saa ni mita 2,000 kwa dakika. Tairi la inchi 28 lina kipenyo cha sentimita 71, na mzingo wake ni kama mita 2.23. Kwa hiyo tairi huzunguka mara 895 kwa dakika. Ukizidisha kwa 3.73 unapata mizunguko 3,340 ya injini kila dakika, na hiyo ni kwa Powerglide na kwa Turbo 400 pia, kwa kuwa gia ya mwisho ya zote mbili ni moja kwa moja. Tena hapo sijahesabu kuteleza kwa konvata, ambako huiongeza. Kwa gia ya nne ya 4L80E unazidisha kwa 0.75, na mizunguko hushuka hata kufika 2,500. Tofauti ni zaidi ya mizunguko 830 kila dakika. Safari ya Sohar kwa mwendo huo ni dakika 100; basi kwenda tu, injini huokoa mizunguko zaidi ya 83,000, pamoja na petroli, kelele na joto.

Kijana aliisoma hesabu yangu mara mbili. Hakuipenda. "Na kwenye mbio?" aliuliza.

Mjomba hakumficha. Alimwambia kwamba giaboksi nzito hula nguvu zaidi, na kwamba mwenye Powerglide yenye motokaa nyepesi ataendelea kumshinda. "Kama ungekuwa na motokaa ya pili ya kwenda kazini, na hii ukaiweka juu ya trela, mimi mwenyewe ningekufungia Powerglide leo. Kama ungekaa karibu na kazi yako, ningekwambia Turbo 400 na uhifadhi fedha zako. Lakini motokaa ni yako. Nenda ukafikiri."

Aliondoka amenuna. Nalidhani hatarudi. Baada ya siku mbili ikaja teksi, na aliyeshuka kwanza alikuwa bibi yake, akiutafuta mkongojo wake. Tulimwamkia, akaketi kitini, akapewa kahawa na halua. Kisha akasema, "Fundi, mambo ya gia mimi siyajui. Nataka kujua moja tu. Ni ipi ambayo haitanipigia kelele masikioni njia nzima hata Barka?"

Mjomba alicheka, mimi nikacheka, na hatimaye kijana naye akacheka. Swali la tano lilikuwa limepata jibu lake. Alichagua 4L80E.

Mjomba alikuwa nayo moja iliyotoka katika pikapu kuukuu. Twaliifungua yote, tukaiosha, tukaitia vibao vipya vya klachi na shafti ngumu zaidi. Halafu ilitupasa kuchagua konvata. Konvata hupimwa kwa mizunguko ambayo injini huweza kufika motokaa ikiwa imezuiwa isiende. Rafiki zake kijana walikuwa wamemwambia achukue ya 4,500, kama watu wa mbio. Mjomba alimchagulia ya 3,200, iliyotosha kuiamsha tabo mwanzoni mwa mbio, lakini isiyoyachemsha mafuta mjini. Akaongeza rejeta ndogo ya mafuta ya giaboksi yenye pangaboi yake, na saa ya kuonyesha joto lake, akamwonya kijana kwamba joto la nyuzi 80 au 90 ni zuri, na likikaribia 120 asimame kando. Mwisho alitia ngao ya chuma, kwa sababu kitu kizungukacho kwa kasi namna ile kikipasuka, vipande vyake huruka mpaka miguuni pa dereva. Katika mbio zenye kanuni, motokaa za kasi sana haziruhusiwi kukimbia bila ngao ya namna hiyo.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Konvata huingizwa katika giaboksi kwa mkono. Unaisukuma huku ukiizungusha, nayo huingia kwa hatua tatu, na kila hatua husikika "tok" na konvata husogea ndani kidogo. Hatua ya tatu ndiyo ya kushikana na pampu ya mafuta. Ikiwa hatua hiyo haikutimia, basi utakapokaza bolti za kuiunganisha giaboksi na injini, konvata itaisukuma pampu na kuivunja, hata kabla injini haijawashwa. Kazi ya wiki mbili itakuwa imeharibika, na kila kitu kitashushwa chini tena.

Mjomba alinionyesha mara mbili, kisha akaniachia niifanye mimi. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Nalizungusha, nikasikia tok ya kwanza. Nalizungusha tena, nikasikia ya pili. Ya tatu nalijiambia kwamba nimeisikia. Kwa kweli nalijua kwamba sikuisikia. Lakini mikono ilikuwa imechoka, na harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa ikitoka ng'ambo ya barabara. Mjomba aliuliza kutoka upande wa pili wa karakana, "Tatu?"

Nami nikajibu, "Tatu, mjomba."

"Vema. Kesho asubuhi tutaiinua."

Usiku ule sikulala. Nalimkumbuka kijana akitazama kikombe chake, na mimi nikiisoma hesabu ya kilomita zake kwa sauti kama hakimu. Uongo wake ulikuwa wa kujionyesha tu, na ulikamatwa mapema. Wangu ungemvunjia pampu, naye angelipa au mjomba angelipa, wala hakuna ambaye angejua sababu. Wazo hilo la mwisho ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa maana naliona kwamba lilinifariji kidogo.

Alfajiri, mjomba alipomaliza kusali, nalimwambia, "Mjomba, jana nilisikia mbili tu."

Hakuinua sauti. Twalikwenda karakana kabla ya wengine. Alinipa rula mbili za chuma, akanifundisha kuweka moja juu ya mdomo wa giaboksi na kushusha nyingine mpaka kwenye konvata. Ilikuwa imebaki nje karibu sentimita mbili. Naliishika, nikaisukuma na kuizungusha polepole, na baada ya muda mrefu ikasikika tok, tena nzito kuliko zile mbili.

"Mimi huipima kila konvata kabla ya kukaza bolti hata moja," alisema mjomba. "Hiyo naliipima jana ulipokwenda kununua samaki. Nalingoja nione kama itanipasa kukupima na wewe."

Sikuwa na la kujibu. Aliniambia nichukue jeki, tukaanza kazi.

Motokaa ilitoka karakana siku nne kabla ya safari yangu ya kurudi. Kijana aliiendesha hata Sohar, akatupigia simu kutoka kule akasema kwamba saa ya joto haikupita 90. Alisema pia, kwa sauti ya mtu anayekubali jambo kwa shida, kwamba kwa mara ya kwanza aliweza kusikia redio.

Habari za mbio nalizipata siku ya wazazi kutembelea shule, mama aliponionyesha katika simu yake ujumbe wa mjomba. Kijana alikwenda Abu Dhabi mwezi wa Februari. Hapo awali wakati wake bora ulikuwa sekunde 10.6; safari hii alipata 10.3. Yule bwana wa Powerglide alipata 9.8, akamshinda tena. Lakini yule bwana alirudishwa kwao motokaa yake ikiwa juu ya trela, kama alivyopanga tangu mwanzo, na huyu wetu alirudi Maskati kwa magurudumu yake mwenyewe, zaidi ya kilomita 400, na siku ya pili alimpeleka bibi Barka. Naona kila mmoja wao alichagua sawasawa.

Wenzangu wakiniuliza sasa ni giaboksi ipi iliyo bora, huwajibu kwamba hakuna awezaye kujibu mpaka maswali matano yajibiwe kwanza, na yajibiwe kweli. Uzito wako ni kiasi gani? Nguvu zako zilizopimwa, si zile zinazotajwa bwenini, ni ngapi? Umesimama juu ya nini? Siku zako nyingi huzitumia wapi? Na nani hupanda pamoja nawe?

Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne tunajaza fomu za kuchagua tahasusi na vyuo. Kwa miaka miwili nimekuwa nikimwambia baba kwamba nitachukua Fizikia, Kemia na Baiolojia ili niwe daktari, kwa kuwa neno hilo humfurahisha mbele ya wageni. Hivi karibuni naliketi maktaba na karatasi zangu za mitihani, ambazo ndizo kipimo changu, nikajiuliza maswali ya mjomba. Hisabati na Fizikia zimesimama vizuri. Baiolojia imeanguka mara tatu mfululizo, na kila mara nalimwambia baba kwamba mtihani ulikuwa mgumu. Mtihani haukuwa mgumu. Nalikuwa nimesikia mbili nikasema tatu.

Basi nimemwandikia baba barua kwamba nataka kwenda chuo cha ufundi nijifunze uhandisi wa mitambo. Niliitoa kwa Mwalimu wa Zamu siku ya Jumatatu, na jibu bado halijafika. Gazeti hili hupelekwa kwa wazazi wote, na huenda likamfikia kabla hajaandika. Ikiwa ndivyo: Baba, shikamoo. Karatasi za mitihani, zote tatu, nimezitia ndani ya bahasha pamoja na barua.